Kadi ya mtandao inaganda baada ya kupandisha Debian? Anzia hapa

Umepandisha seva ya Linux kutoka Debian 12 kwenda 13, imewaka vizuri na ping (jaribio la kuona kama mashine inafikika) inajibu. Ukianza kunakili faili kubwa, mtandao unakatika, unarudi, unakatika tena. Kwenye zile kompyuta za ofisi za mtumba tunazozigeuza kuwa seva, mtuhumiwa wangu wa kwanza huwa ni kadi ya Intel I219 na draiva yake (programu inayoiendesha), e1000e.

Kaa mbele ya mashine yenyewe, ukiwa na skrini na kibodi. Ukifanya kazi hii kwa SSH, yaani kwa mbali kupitia mtandao, utajifungia nje.

Hatua ya 1. Soma kerneli (kiini cha mfumo) inalalamika nini

`sudo journalctl -k | grep -A4 "Unit Hang"`

Kama umeshawasha upya, ongeza `-b -1` baada ya `-k` ili usome ya kabla ya hapo. Unatafuta hiki:

`e1000e 0000:00:1f.6 eno1: Detected Hardware Unit Hang:`

Chini yake zipo TDH na TDT. Hapa usipite haraka. TDT ni pale draiva ilipofika katika kupanga pakiti (vipande vya data) kwenye foleni ya kutuma. TDH ni pale kadi ilipofika katika kuzitoa. Ujumbe ukijirudia huku TDH ikiwa ileile na TDT iko mbele yake, kadi imeacha kutuma, na kubadilisha DNS au anwani ya IP hakutasaidia kitu.

Hakuna ujumbe huo, na `eno1`, jina la kadi yenyewe, haionekani kabisa? Tazama `ip link`. Huenda jina la kadi limebadilika tu. Lirekebishe ndani ya `/etc/network/interfaces`, basi.

Hatua ya 2. Rudi kwenye kerneli ya zamani

Kwenye menyu ya GRUB, inayotokea mashine ikiwaka, ingia "Advanced options" uchague 6.1 badala ya 6.12, kama hukuifuta. Nakili tena faili lilelile. Ikitulia, waya na swichi havina kosa; washa upya kwa 6.12 uendelee na hatua ya 3. Ikiganda vilevile, badilisha waya na tundu la swichi kabla ya kuendelea.

Hatua ya 3. Ipunguzie kadi kazi

`sudo apt install ethtool iperf3`
`sudo ethtool -K eno1 tso off gso off`

TSO ikiwa imewashwa, kerneli huikabidhi kadi bonge la data, hata la kilobaiti 64, ili kadi yenyewe ilikatekate kuwa pakiti ndogo. Hapo ndipo I219 hukwama mara nyingi. Ukiizima pamoja na GSO, mwenzake wa upande wa kerneli, ukataji unahamia kwa prosesa, na kwa kasi ya gigabiti moja hutaona tofauti ya maana.

Hatua ya 4. Ijaribu kwa mzigo

Ping haithibitishi chochote, pakiti zake ni ndogo mno. Kompyuta nyingine iendeshe `iperf3 -s` (iperf3 hupima kasi ya mtandao), na seva yenye tatizo ndiyo itume:

`iperf3 -c 192.168.1.20 -t 600`

Weka anwani ya hiyo kompyuta nyingine. Dakika kumi bila kukatika zinatosha.

Hatua ya 5. Ifanye idumu

Amri ya `ethtool` hupotea mashine ikizimwa. Ndani ya `/etc/network/interfaces`, chini ya `iface eno1`, ongeza:

`post-up /usr/sbin/ethtool -K eno1 tso off gso off`

Wanaotumia NetworkManager, weka jina la muunganisho wako badala ya JINA:

`nmcli connection modify JINA ethtool.feature-tso off ethtool.feature-gso off`

Bado inaganda? Zima na uokoaji wa umeme wa kadi, `sudo ethtool --set-eee eno1 eee off`, kisha rudia hatua ya 4.