Skafu ya pande mbili yenye vidubwana vya Space Invaders, pande zote nzuri

Ukiipenda kitu kweli unataka kukivaa, na mi Space Invaders, ile game ya zamani ya video ya kuwapiga risasi vidubwana wanaoshuka kutoka angani, naipenda tangu nilipoiona mara ya kwanza, kwaiyo nilivojua kufuma nikajua tu ipo siku ntafuma skafu yake. Shida ya skafu nyingi zenye picha ni ule upande wa nyuma, nyuzi zimejivuta ovyo, na skafu ndo nguo inayogeuka geuka shingoni kuliko zote, yani huwezi kuificha nyuma yake. Hii ntakayoelezea hapa haina nyuma. Upande mmoja kidubwana cha kijani kwenye weusi, ukigeuza unakuta kidubwana cheusi kwenye kijani.

Kwanini game hii na sio kitu kingine? Kwanza ni ya 1978, Tomohiro Nishikado aliitengeneza Japani kwenye kampuni ya Taito, na vidubwana vyake vimechorwa kwa vidoti vya mraba vichache sana, kidubwana cha katikati kina upana wa vidoti 11 na urefu wa 8 basi. Ufumaji nao ni vidoti, kila kitanzi ni kidoti kimoja, kwaiyo ni kama vile vilichorwa vije kufumwa. Pili, na hii ndo muhimu kabisa, kidubwana yule kushoto na kulia kwake ni sawasawa. Skafu ya namna hii ukiigeuza picha inageuka kama kwenye kioo, kwaiyo ukiandika jina la timu yako au la mhusika unayempenda upande wa pili litasomeka kinyumenyume. Kama fandom yako, yani kitu unachokishabikia, ni nyingine chagua alama iliyo sawa kushoto na kulia, nyota, jicho, ngao, taji, na kama lazima uweke herufi basi A, H, I, M, O, T, U, V, W, X na Y hazina tatizo ila zipange kwenda juu moja chini ya nyingine, sio kwa mstari wa pembeni.

Vifaa ni vichache. Nyuzi rangi mbili zenye unene sawa, unene wa kati ule unaofumwa na sindano ya milimita 4, ila wewe tumia 3.5 kwasababu mfumo huu una tabia ya kulegea. Kila rangi kama mita 300, usipunguze, hapa unafuma vitambaa viwili kwa mpigo. Uzi uwe laini usio na manyoya, manyoya yanakula mipaka ya picha. Rangi ziwe mbali, na kipimo changu ni kuzipiga picha na simu afu naigeuza iwe nyeusi na nyeupe, kama huoni tofauti hapo hata kwenye skafu hutaiona vizuri. Na kama kuna uzi mwekundu au mweusi uloweke kipande kwanza uone kama hautoi rangi.

Sasa akili ya mfumo wenyewe. Hesabu kwa jozi. Kila kidoti cha picha ni jozi ya vitanzi viwili kwenye sindano, cha kwanza ni cha kitambaa cha mbele unachokiona, cha pili ni cha kitambaa cha nyuma. Cha mbele unafuma pleni, yani kitanzi cha kawaida uzi ukiwa nyuma ya sindano, cha nyuma unafuma pali, yani kinyume chake uzi ukiwa mbele. Mbele ukitumia nyeusi, nyuma unatumia kijani, mbele kijani, nyuma nyeusi, kila jozi lazima ipate rangi zote mbili, hakuna jozi ya rangi moja. Ndo maana hakuna uzi unaoning'inia popote.

Na kuna sheria moja ya mikono ambayo ukiishika umemaliza kazi: nyuzi zote mbili zinasafiri pamoja. Ukifuma pleni zote mbili ziko nyuma ya sindano, ukifuma pali zote mbili zinakuja mbele, hata ile usiyoitumia. Ukiiacha moja nyuma itakatiza kama kistari juu ya kitambaa, au itashona mbele na nyuma pamoja na utahisi hapo pamekakamaa. Mi mwanzoni nilikua naisema kwa sauti, zote nyuma, zote mbele, zote nyuma, zote mbele, mpaka vidole vikazoea.

Kuanza: shika nyuzi zote mbili pamoja kama uzi mmoja, anzisha vitanzi 40. Kila kimoja kina nyuzi mbili, kwaiyo una vitanzi 80 yani jozi 40, upana utakua kama sentimita 18. Mstari wa kwanza zitenganishe, kwenye kila jozi chukua cheusi ufume pleni kwa nyeusi, afu cha kijani pali kwa kijani. Kama vimekaa kinyume, kijani kimetangulia, vibadilishane tu nafasi kwenye sindano. Mwisho wa mstari geuza kazi. Kabla hujaanza mstari mwingine pindisha nyuzi mbili mara moja pale pembeni, kila mstari, bila kusahau, vinginevyo pembeni panabaki wazi kama mfuko.

Ukigeuza unaangalia upande wa pili, ambao uwanja wake, yani sehemu tupu inayomzunguka kidubwana, ni kijani. Hapa ndo watu wengi wanapotea. Upande huu jozi ya uwanja ni pleni kijani, pali nyeusi, na jozi ya kidubwana ni pleni nyeusi, pali kijani. Yani usiangalie karatasi yako ya mchoro wa vidoti ukasema rangi, angalia karatasi ukasema uwanja au kidubwana.

Kitanzi cha pleni ni kipana kuliko urefu wake, kwaiyo ukikopi vidoti moja kwa moja kidubwana kinatoka kimekaliwa. Dawa yake kila kidoti kiwe jozi 2 kwa upana, na kwa urefu mistari 2 halafu 3 halafu 2 halafu 3 kwa zamu. Hapo unapata jozi 22 kwa mistari 20, karibu sentimita 10 kwa 7, umbo lake halisi kabisa. Weka jozi 9 za uwanja kila upande.

Huyu hapa kuanzia miguuni kwenda juu, nahesabu kwa vidoti, wewe zidisha mara mbili upate jozi. Miguu: uwanja 3, kidubwana 2, uwanja 1, kidubwana 2, uwanja 3. Juu yake: kidubwana 1, uwanja 1, kidubwana 1, uwanja 5, kidubwana 1, uwanja 1, kidubwana 1. Halafu kidubwana 1, uwanja 1, kidubwana 7, uwanja 1, kidubwana 1. Halafu vyote 11 kidubwana. Halafu macho: uwanja 1, kidubwana 2, uwanja 1, kidubwana 3, uwanja 1, kidubwana 2, uwanja 1. Halafu uwanja 2, kidubwana 7, uwanja 2. Halafu pembe, uwanja 3, kidubwana 1, uwanja 3, kidubwana 1, uwanja 3, na ncha zake uwanja 2, kidubwana 1, uwanja 5, kidubwana 1, uwanja 2. Kwasababu kiko sawa pande zote huna haja ya kujiuliza unasoma kutoka kulia au kushoto, raha sana.

Kwenye game wanapangwa safu 5 kwenda chini, kwaiyo mi naweka vitano kila mwisho wa skafu, mistari 8 ya uwanja kati yao. Ila mwisho wa pili fuma kichwa kwanza miguu baadae, ukivaa ncha zote mbili zinaning'inia na usipofanya hivo wale wa upande mmoja watasimama kwa kichwa.

Katikati usiache uwanja mtupu. Vitambaa viwili vinashikana pale tu rangi zinapobadilishana, pakiwa patupu panakua mfuko unaopepea. Mi natupia risasi, jozi moja iliyogeuzwa rangi kila baada ya mistari 6, nazihamisha hamisha zisikae foleni.

Ukikosea mistari michache chini usifumue yote nakuomba, dondosha vitanzi viwili vya ile jozi tu mpaka kwenye kosa, vipandishe tena na sindano ya krosheti, cha mbele kwa upande wake na cha nyuma ukigeuza kazi.

Ikifika kama mistari 450, sentimita 160 hivi, funga kwa kufuma kila jozi pamoja kama kitanzi kimoja na kupitisha kilichotangulia juu yake, usikaze. Ni vitanzi karibu elfu 36 kwaiyo jipe muda. Iloweke maji ya uvuguvugu, ikandamize na taulo bila kukamua, ilaze mahali tambarare uinyooshe na mikono mpaka vidubwana vikae mraba, iache ikauke hapohapo usiianike kwa kuning'iniza.

Mi ya kwanza naivaa na weusi nje, mdogo wangu akiiazima anaigeuza kijani.