Somo: Kupata mwendo, ufunguo na hisia ya "So What" kwa sikio lako

Mtu akiniuliza aanzie wapi na jazi isiyo na mwimbaji, humpa "So What" ya Miles Davis, iliyorekodiwa New York tarehe 2 Machi 1959. Besi ya Paul Chambers peke yake itakupa majibu yote matatu, ukiwa na subira. Vaa hedifoni, maana spika ya simu huimeza besi.

Hatua ya 1: Acha utangulizi upite. Kwa takriban nusu dakika piano ya Bill Evans na besi zinapapasa taratibu, bila mapigo ya kudumu. Usihesabu hapo. Ngoja besi ianze kuuliza na piano kuitikia kwa kodi mbili (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja). Aliyeimba kwaya atautambua mtindo huo papo hapo: mmoja anatoa, wengine wanapokea.

Hatua ya 2: Mwendo. Tarumbeta ya Miles ikianza solo, besi inatembea, noti moja kwa kila pigo. Gonga mguu nayo kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Utapata kama 34, yaani karibu mapigo 136 kwa dakika. Jihakiki hivi: mzunguko mmoja una vipimo 32 vya mapigo manne, jumla mapigo 128, kwa hiyo unaisha kabla kidogo ya dakika. Miles anapiga mizunguko miwili, kisha anampisha John Coltrane wa saksafoni.

Hatua ya 3: Ufunguo, yaani noti ambayo wimbo unaiona kuwa nyumbani. Hapa ndipo wengi hukwama, basi twende polepole. Imba swali la besi kwa mdomo uliofumba, halafu usikie linatulia wapi. Linatulia kwenye D. Sasa kaa kwenye kinanda, piga funguo nyeupe tu kutoka D hadi D ya juu. Kwa lugha ya kwaya, do ni C, lakini nyumbani ni re: re mi fa sol la ti do re. Skeli hiyo huitwa Doriani.

Inakaa hapo vipimo 16. Kisha kila kitu kinapanda nusu sauti, hadi E bemoli, kwa vipimo 8, halafu kinashuka tena D kwa vipimo 8 vya mwisho. Rudia sehemu ya kupanda hata mara kumi. Siku utakapoisikia ikija kabla haijafika, sikio lako limefunguka.

Hatua ya 4: Hisia. Usiandike "huzuni" kwa sababu tu skeli ni ya mainori. Ukianzia la, kama mainori ya kawaida, noti ya sita ni fa. Ukianzia re, noti ya sita ni ti, juu zaidi kwa nusu sauti, na hiyo ndiyo inayoingiza mwanga. Ongeza kwamba kwa vipimo 16 kodi hazikusukumi popote. Mimi naiita hisia hiyo utulivu wa mtu aliye macho.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, programu ya simu yangu inasema mwendo ni 68. Nani mkweli?*
Imehesabu nusu, ndugu yangu. Ukigonga pigo la 2 na la 4 tu, mahali matoazi ya mguu ya mpiga ngoma Jimmy Cobb yanapofunga, nawe utapata 68. Fuata besi.

*Kama ni funguo nyeupe tu, kwa nini tusiseme C meja?*
Noti ni zilezile, makazi ni tofauti. Shikilia C chini kwa mkono wa kushoto huku wimbo unaendelea: utaona hakuna anayerudi hapo. Shikilia D, na kila kitu kinakaa.

*Nina sahani ya zamani ya marehemu baba. Kinanda changu hakikubaliani nayo kabisa, si D wala E bemoli. Kinanda kimeharibika?*
Kinanda chako ni kizima, dada. Siku ile mashine ya kurekodi ilikwenda polepole kidogo, hivyo kanda ilipochezwa kwa kasi ya kawaida, sauti ilipanda. Nyimbo tatu za upande wa kwanza wa albamu yenye wimbo huu, "Kind of Blue", zilitoka hivyo, na zilikuja kusahihishwa katika toleo la 1992. Fanyia mazoezi toleo lililosahihishwa. Sahani ya baba iendelee kupigwa sebuleni.