Kabla hujanunua IST ya 4WD, ingia uvunguni

Toyota waliacha kutengeneza IST mwaka 2016. Kwa hiyo hata dalali akikuapia kwamba gari ni "jipya kabisa, halijatembea", unachonunua ni gari la umri mkubwa. Usimalize hela yote kwenye bei. Bakiza ya tairi, oili zote, bushi na shokapu.

Usibabaishwe na namba pia. Watu wanaongeza mamilioni kwa sababu hii ni namba D na ile ni E, wakati namba inaonyesha gari limesajiliwa lini Tanzania, si lini limetoka kiwandani. Mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kadi. Usome.

Ukiagiza Japani, fungua kikokotoo cha TRA kabla hujamtumia mtu hata senti. TRA wana thamani yao ya gari, hawafuati risiti yako, na gari lililozidi miaka 10 linabeba ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 juu ya kodi nyingine. Kizazi cha kwanza chote, cha 2002 hadi 2007, kimo humo. Wenzetu wa Kenya mlango huo umeshafungwa, maana kule gari lililozidi miaka 8 haliingii. Kwao ni kununuliana zilizokwishaingia.

Injini isikutishe. 1NZ ya cc 1,500 inatumia cheni, si mkanda, na ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye Vitz, Raum, Probox na Premio ya cc 1,500. Spea zake zimejaa Kariakoo. Ila shika boneti kwanza: ikiwa ya moto kabla hujafika, mwambie muuzaji utarudi kesho asubuhi, gari likiwa limelala. Moshi wa bluu unaweza kujificha injini ikishapashwa moto.

Sasa namba ya chesisi. Herufi na tarakimu zinazotangulia zinakwambia ulichosimama mbele yake: NCP60 ni cc 1,300, NCP61 ni cc 1,500 inayovutwa na tairi za mbele, NCP65 ni cc 1,500 ya 4WD, yaani tairi zote nne zinavuta. Kizazi cha pili, NCP110 ni ya kuvuta mbele, NCP115 ni 4WD, na ZSP110 ni ile ya cc 1,800, nayo inavuta mbele. Kama unaishi Tabata na unakwenda kazini Posta, chukua ya kuvuta mbele ukalale. 4WD ni nzito zaidi, inakunywa zaidi, na haikai juu kama Prado kwa sababu tu tairi zote zinavuta. Wanaoihitaji kweli ni watu wa tope na milima.

Shemeji yangu ni mmoja wao. Analima viazi Makete, na huko masika yakianza, barabara ya kuingia kijijini inakuwa utelezi mtupu. Akashuka Dar, akapata IST, kadi imeandikwa NCP65, namba ya kwenye bodi inalingana na ya kwenye kadi. Akalipa. Safari ya lami hadi Njombe haikuwa na neno. Mvua ya kwanza kijijini, tairi za mbele zinazunguka zinarusha tope, za nyuma zimetulia kabisa. Akadhani hajui kuliendesha. Fundi alipoingia chini akatoka anacheka: propela, ule mtaimbo unaopeleka nguvu nyuma, haipo. Mwenye gari wa zamani ilipoanza kumpigia kelele aliifungua akaiweka pembeni, na gari likaendelea kutembea kwa tairi za mbele kama kawaida. Kadi haikudanganya, na muuzaji akabaki anasema, "Si nilikwambia NCP65?"

Hapo ndipo habari ya gari lililoachwa kutengenezwa inapouma. Spea za injini unagawana na nusu ya magari ya mjini. Propela, difu ya nyuma (inayogawa nguvu kwa tairi mbili za nyuma) na ekseli za nyuma za 4WD hugawani na wengi, kwa sababu IST nyingi zilizoletwa ni za kuvuta mbele. Shemeji aliwasumbua wauza spea wa Gerezani, Dar, wiki kwa wiki mpaka ikapatikana propela iliyotolewa kwenye gari lililokatwa. Ikafungwa, tope likapitika, akafurahi.

Halafu akabadilisha tairi mbili tu, za mbele, nyuma akaacha vipara.

Kwenye NCP65, kati ya propela na difu ya nyuma kuna kaplingi yenye mafuta mazito ndani. Tairi za mbele zikiteleza, mafuta yale yanakaza na nguvu inakwenda nyuma. Sasa tairi kipara ni ndogo kwa mzunguko kuliko mpya, kwa hiyo hata kwenye lami kavu kaplingi inaona mbele na nyuma hazilingani, inafanya kazi bila kupumzika, inachemka. Ya kwake ilikaza moja kwa moja. Ukikata kona fupi gari linajivuta kama limeshikwa breki.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, gari lipandishwe kwenye shimo la fundi na wewe uingie, si kuhadithiwa. Uone propela kwa macho yako, uone difu na ekseli ya nyuma. Kisha kwenye uwanja mkavu kata usukani mpaka mwisho, uende taratibu, usikilize kama linagoma. Tairi zote nne ziwe saizi moja na zimelika sawa. Na siku likiharibika njiani, breakdown asilinyanyue mbele huku za nyuma zinaburuzwa barabarani. Lipakiwe lote.

Ukiwa huko chini angalia kutu. Wajapani wengi wanaonunua 4WD ndogo ni wa mikoa ya theluji, Hokkaido na jirani zake, ambako barabara humwagiwa chumvi. Juu linang'aa, chini limeliwa. Kwenye karatasi ya ukaguzi ya mnada wa Japani herufi S ni kutu, C ni kutu iliyokwishala bati. Rangi nyeusi mbichi iliyopakwa uvunguni nayo ikutie shaka, ikwangue kwa bisibisi.

Oili ya giaboksi iwe ile inayotajwa kwenye kitabu cha gari, si "ya Toyota yoyote". Faini za trafiki ziangaliwe kwa namba ya gari kabla ya mkataba. Jina la kwenye kadi liwe la huyo huyo anayepokea hela, usiku usinunue, dalali asishike funguo na hela kwa wakati mmoja, na anayekuharakisha kwamba kuna mteja mwingine yuko njiani, mwache amuuzie huyo mteja.