Kupima vifo na magonjwa ya watoto kijijini kwako: hatua nilizompitisha muuguzi mmoja wa mwaloni

Muuguzi wa kituo cha afya kimoja huku pwani ya ziwa, upande wa Sengerema, alinipigia simu jioni. "Shikamoo kaka. Bosi ananidai taarifa ya afya ya watoto wa eneo letu. Nimeandika vifo asilimia saba, kanirudishia." Nikamuuliza, asilimia saba ya nini? Kimya kidogo. "Ya waliolazwa."

Hiyo namba inaeleza wodi yake, haielezi kijiji. Aliyefia nyumbani, au ndani ya mtumbwi akivushwa usiku, hayumo. Na wanaofikishwa wodini ndio waliozidiwa, kwa hiyo kituo kizuri kinachopokea rufaa nyingi kitaonekana kinaua kuliko kibovu kinachokimbiwa. Tulikaa siku mbili na daftari. Naandika tulivyofanya, maana si yeye wa kwanza kuniuliza.

Hatua ya 1: Chagua kipimo

Vifo vya watoto hupimwa kwa kila vizazi hai 1,000, si kwa asilimia. Vipimo unavyovihitaji ni vitatu: vifo vya ndani ya siku 28 za mwanzo, vya chini ya mwaka mmoja, na vya chini ya miaka mitano. Usitoe hicho cha mwisho peke yake. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulipata 25, 43 na 67 kwa mpangilio huo. Ule wa 2022 ukapata 24, 33 na 43. Angalia namba ya kwanza ya kila utafiti. Wakubwa wameokoka kwa wingi, vichanga wamebaki karibu palepale, na sasa zaidi ya nusu ya vifo vya chini ya miaka mitano hutokea mwezi wa kwanza. Ukitoa jumla tu, hilo linafichika.

Hatua ya 2: Orodha ya kaya

Mwone mwenyekiti wa kitongoji, pata orodha, ipitie nyumba kwa nyumba. Kambi za wavuvi ziorodheshe kivyake, watu wake huhama na samaki. Tumia daftari kubwa la jalada gumu na penseli. Najua vishikwambi vipo, nimevitumia, na nimekaa kando ya maji na kishikwambi kilichozima chaji huku mama niliyemfuata anaondoka zake. Penseli haiishi chaji, na ikiloa bado inasomeka. Kompyuta utaikuta mjini.

Hatua ya 3: Kumuuliza mama

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Hesabu utafundishwa kwa dakika kumi. Hili limenigharimu miaka.

Nenda alasiri. Asubuhi kina mama wako kwenye dagaa, na hakuna mama atakayekusimulia msiba huku mvua inataka kumharibia mzigo. Wanaume, kama unawahitaji, utawakuta siku za mbalamwezi, maana dagaa huvuliwa usiku wa giza.

Usiulize "Una watoto wangapi?" Atakutajia walio hai, na hajakudanganya. Uliza vipande vipande: wa kiume unaoishi nao, wa kike unaoishi nao, walio kwingine, kisha waliofariki. Halafu uongeze swali ambalo wengi hulikwepa kwa haya: kuna mtoto yeyote aliyelia, au kupumua, au kujitikisa hata kidogo, kisha akafariki saa au siku hiyohiyo? Aliyeonyesha dalili ya uhai ni kizazi hai, hata kama aliishi dakika tano, na anahesabiwa juu na chini ya mstari, yaani kwenye vifo na kwenye vizazi. Asiyeonyesha yoyote ni mtoto mfu, na ana hesabu yake. Ukiwachanganya, kipimo chako cha siku 28 kimeharibika, na hicho ndicho tulichokubaliana kuwa muhimu. Mama akisema "mimba iliharibika", muulize kwa upole ilikuwa ya miezi mingapi. Nimeshaambiwa miezi minane, na mtoto alilia.

Sasa majina. Katika Usukuma pacha ni Kulwa na Doto, na anayezaliwa baada yao huitwa Shija. Siku moja mama mmoja alinitajia watoto wake wanne huku akigeuzageuza dagaa waliobaki juani. Wa pili Shija. Nikaandika, kisha nikasita. "Mayu, Kulwa na Doto wako wapi?" Mkono ukasimama. "Kulwa alikaa siku tatu. Doto akamfuata Jumapili." Vizazi hai viwili, vifo viwili, na hakuna kitabu chochote cha kituo kilichokuwa navyo kwa sababu alijifungulia kwa mama yake. Tangu hapo kila Shija nikikutana naye nauliza. Lakini uliza tu, usijiandikie, kwa kuwa wapo Shija waliorithi jina la babu.

Pengo kati ya watoto nalo linasema. Ukiona miaka mitano kati ya mmoja na mwingine, uliza kama hapo katikati alipatikana mwingine.

Kisha umri wa kufariki, ulioninyima usingizi. Kazi yangu ya kwanza ya namna hii niliandika kama nilivyoambiwa: "alikuwa na mwaka". Nilipochora mchoro, mwezi wa 12 ulisimama kama Mwamba wa Bismarck, na miezi ya 10, 11 na 13 ilikuwa tupu. Watoto hawafi kwa kusubiri siku ya kuzaliwa. "Mwaka" kwa mama ni makadirio, kama sisi tunavyosema "saa moja hivi". Lakini mtoto wa miezi 11 anaingia kwenye vifo vya chini ya mwaka, na wa miezi 12 hayumo. Nilipanda kivuko nikarudi kisiwani kuuliza upya nyumba zote zilizosema mwaka, na kadhaa wakawa hawakuufikisha. Kwa hiyo:

- Chini ya mwezi mmoja, andika kwa siku.
- Chini ya miaka miwili, andika kwa miezi. Usikubali "mwaka" wala "mwaka na nusu".
- Kuanzia miaka miwili, miaka inatosha.

Mama akikwama kwenye miezi, muulize mambo: alikuwa ameanza kusimama? Alishachoma chanjo ya surua ya kwanza, ile ya miezi tisa? Kadi ya kliniki bado ipo? Wapo wanaozika na kadi, wapo wanaoitunza kwenye sanduku la kanga. Na tengeneza kalenda ya matukio ya kwenu kabla hujatoka. Yangu ina kuzama kwa MV Nyerere kule Ukara (Septemba 2018), kifo cha Rais Magufuli (Machi 2021), sensa (Agosti 2022) na kufunguliwa kwa daraja la Kigongo-Busisi (Juni 2025). Swali la "alizaliwa kabla ya sensa au baada?" hujibiwa na yeyote.

Mama akilia, funga daftari. Utarudi kesho au hutarudi.

Hatua ya 4: Hesabu

Kosa la kawaida ni kuchukua vizazi vyote vya miaka mitano iliyopita na vifo vyake. Aliyezaliwa mwezi uliopita hajapata muda wa kufikisha miaka minne, kwa hiyo kipimo kitashuka bila sababu. Watafiti wakubwa hukata umri vipande, wanatafuta uwezekano wa kuvuka kila kipande, kisha wanazidisha. Kama mtu anavuka mwezi wa kwanza kwa 0.976, miezi 1 hadi 11 kwa 0.990, na mwaka wa 1 hadi wa 4 kwa 0.988, wanaofika miaka mitano ni 0.955 hivi, yaani vifo 45 kwa kila 1,000.

Kwa kijiji kimoja mimi nachukua njia fupi: waliozaliwa miaka mitano hadi kumi iliyopita tu. Wote wameshapata muda wao. Tuseme ni 412, na 19 walifariki kabla ya miaka mitano. 19 gawanya kwa 412, zidisha mara 1,000, unapata 46.

Usikimbilie kuipeleka. Vifo 19 ni vichache, na namba ndogo huyumba kwa bahati tu; kuyumba huko hukadiriwa kwa mara mbili ya kipeuo cha pili chake, kupanda na kushuka. Kipeuo cha pili cha 19 ni kama 4.4, mara mbili yake karibu 9. Kwa hiyo fikiria 10 hadi 28, yaani 24 hadi 68 kwa kila 1,000. Ndani ya uwazi huo zinaingia ile 43 ya taifa na ile 67 ya zamani. Huwezi kusema kijiji chenu ni bora wala kibaya, na mwaka mmoja mmoja ndio kabisa usilinganishe.

Hatua ya 5: Magonjwa

Hapa uliza wiki mbili zilizopita tu, kumbukumbu haiendi mbali zaidi. Kuhara ni choo cha majimaji mara tatu au zaidi kwa siku. "Tumbo linamwendesha" halitoshi. Nimonia, hesabu pumzi dakika nzima: 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 4. Malaria, pima kwa kipimo cha haraka. Akisema degedege, andika degedege, usiandike malaria kwa kubahatisha.

Ukitumia daftari la wagonjwa wa nje, tenganisha wapya na marudio. Mtoto mmoja aliyekuja mara tatu si watoto watatu. Na usilinganishe Mei na Agosti, mvua ina mambo yake.

Hatua ya 6: Taarifa

Andika vifo vingapi, vizazi vingapi, kipindi gani, umeuliza nani. Namba moja bila hivyo itarudishwa.

Yule muuguzi ameanza upya na kitongoji kimoja. Juzi kanitumia ujumbe: "Kaka, nimepata Shija wawili. Mmoja ni wa babu."