Namna Mtafiti Anavyoweza Kutumia Mitandao ya Kijamii Sambamba na Majarida ya Kitaaluma

Makala iliyopitiwa na wahakiki na kuchapishwa katika jarida ndiyo kumbukumbu rasmi ya utafiti. Kazi ya ujumbe wa mtandaoni ni kumfikisha msomaji kwenye makala hiyo bila kumpotosha njiani. Kwa hiyo, anza kwa kusoma masharti ya jarida lako. New England Journal of Medicine, jarida la tiba la Marekani, iliweka mwaka 1969 kanuni ya kutopokea matokeo yaliyokwisha kutangazwa kwingine, na ijapokuwa majarida mengi sasa hukubali rasimu zilizowekwa kwenye hifadhi za wazi kama arXiv au bioRxiv, baadhi bado hutaka ukae kimya hadi saa yaliyoipanga.

Wakati ukifika, chagua tokeo moja tu, lieleze kwa sentensi moja, kisha utaje palepale mipaka yake. Mtafiti wa malaria asiandike "Tumegundua tiba mpya" ikiwa ukweli ni kwamba "Dawa hii imepunguza vimelea katika panya, kwa binadamu bado haijajaribiwa," kwa sababu mgonjwa anaweza kuusoma ujumbe huo na kuacha dozi aliyopewa. Ambatisha mchoro mmoja unaosomeka kwenye simu, na utumie kiungo cha DOI (namba ya kudumu ya kuitambulisha makala), kwa kuwa anwani ya tovuti ya jarida huweza kubadilika. Kama utafiti ulifanyika miongoni mwa wakulima au wavuvi wanaozungumza Kiswahili, andika ujumbe wa Kiswahili pia. Walitoa muda wao, na wana haki ya kujua kilichopatikana.

Lililo gumu zaidi ni ukosoaji. Desemba 2010, jarida la Science lilitoa makala iliyodai kwamba bakteria wa Ziwa Mono, California, waliweza kutumia aseniki, ambayo ni sumu, badala ya fosforasi ambayo viumbe hai huihitaji. Rosie Redfield, mwanabiolojia wa Kanada, aliichambua mtandaoni siku chache baadaye, lakini hakuishia hapo: alirudia majaribio katika maabara huku akieleza hadharani alikofikia, na mwaka 2012 yeye na wenzake wakachapisha katika jarida lilelile matokeo yaliyopinga dai hilo. Science iliibatilisha makala ya awali mwaka 2025, ingawa waandishi wake hawakuafiki uamuzi huo.

Nawe hoja nzito ikikufikia mtandaoni, ijibu kwa data, na ikiwa inagusa hitimisho lako, liandikie jarida. Marekebisho yakishachapishwa, yaweke chini ya ujumbe wako wa kwanza bila kuufuta, ili waliousambaza wayaone.