Ukitaka kuandika maisha ya mwenye duka aliyeingia bunge la Texas

Anza dukani. Wengi huanza na picha ya kuapishwa kule Austin, makao makuu ya jimbo, na wasifu wote unabaki kunukia maua ya msiba.

Mzee niliyemwandika mimi aliuza misumari, rangi na mabomba muda mrefu kabla ya kugombea. Familia ilinitajia mwaka alioanza, wote kwa sauti moja. Nikaenda kwa karani wa kaunti, kwa sababu huko Texas mtu anayefanya biashara kwa jina lisilo lake hulisajili huko. Cheti kikasema mwaka mwingine. Nikaifuata karatasi, ingawa shangazi mmoja bado ana kinyongo.

Kisha omba daftari la madeni. Usiogope kuonekana mmbea. La kwake lilikuwa na jalada lililolainika kwa grisi, na ndani yake, kurasa tatu mfululizo, majina ya wakulima yamekatwa kwa kalamu nyekundu. Pembeni neno moja tu: ukame. Hakuna aliyelipa. Nilipolinganisha majina yale na waliomzungusha mtaa kwa mtaa akiomba kura, sikuhitaji tena hotuba zake za kampeni.

Upande wa bunge ni rahisi. Maktaba ya bunge pale Austin ina orodha ya wabunge, kamati zao na miswada yao. Kura zimo katika kumbukumbu za kila siku za Baraza la Wawakilishi. Idadi ya miswada aliyowasilisha isikubabaishe, mingi hufia kamatini. Tafuta iliyofika kwa gavana.

Halafu uliza nani alikaa kaunta. Bunge la Texas hukutana kwa kawaida siku 140, kuanzia Januari, mwaka mmoja katika kila miwili, na mshahara ni dola 600 kwa mwezi tangu 1975, ukiacha posho. Kwa fedha hizo duka halifungwi. Mkewe ndiye aliyefungua mlango kila asubuhi, akahesabu misumari na kupokea simu za wapiga kura wenye malalamiko ya barabara. Mpe nafasi yake, si mstari mmoja wa shukrani.

Mwisho, chukua fomu za mali alizojaza kwa Tume ya Maadili, uziweke kando ya kura zake kuhusu ujenzi. Mimi nilikuta kura moja iliyonikereketa. Nilimuuliza mkewe. Akanyamaza, akamimina kahawa, akasema, "Hiyo iandike kama ilivyo."