Namna ya kumbana mheshimiwa kuhusu mazingira

Ukienda baraza usiulize "mtafanya nini kuhusu mazingira", hapo umempa maiki ya kuhutubia nusu saa. Uliza kitu chenye namba. Mfano serikali ya Kenya ilisema miti bilioni 15 kufikia 2032, sasa muulize hapa kwetu imepandwa mingapi na iliyo hai bado ni mingapi, maana kupanda mbele ya kamera si kazi, kazi ni kumwagilia. Akileta "wataalamu wanashughulikia", mwambie sawa mheshimiwa, ripoti yao iko wapi tuisome? Rekodi jibu kwa simu. Akikwepa andika barua ofisini, Katiba ya Kenya ibara ya 35 inakupa haki ya taarifa na sheria ya 2016 ya kupata taarifa inawapa siku 21 kujibu, ila baki na kopi iliyogongwa muhuri, wasije wakasema hawakuiona.